Waruinge Ndiye Bondia Mkali Zaidi Kenya Imewahi Kutoa, na Hesabu Ninayo

Muhammad Ali hana. Joe Frazier hana. George Foreman hana. Philip Waruinge wa Nakuru anayo.

Naongelea tuzo ya Val Barker. Kama hujawahi kuisikia, usijali, wengi hawajaisikia na ndio maana naandika. Kwenye ndondi za Olimpiki, ukitoa medali za kila uzani, kulikuwa na tuzo moja zaidi ya bondia mwenye ufundi kuliko wote. Si wa uzani fulani. Wote, kuanzia wale wepesi kabisa hadi majitu ya uzani wa juu. Mtu mmoja tu kwa kila Olimpiki.

Ali alishinda dhahabu Rome 1960, wakati bado anaitwa Cassius Clay. Tuzo ikaenda kwa Mwitaliano Nino Benvenuti. Frazier akashinda dhahabu Tokyo 1964. Tuzo ikaenda kwa Valeri Popenchenko wa Umoja wa Kisovieti. Foreman akashinda dhahabu Mexico City 1968. Tuzo ikaenda kwa kijana wa miaka 23 kutoka Kenya, mwenye kilo 57, ambaye alikuwa ameambulia medali ya shaba tu.

Soma hiyo sentensi ya mwisho tena. Ya shaba. Kulikuwa na uzani 11 mwaka huo, kwa hivyo kulikuwa na mabingwa 11 wenye dhahabu shingoni. Wawili kati yao, Jerzy Kulej wa Poland na Boris Lagutin wa Umoja wa Kisovieti, walikuwa wameshinda dhahabu pia miaka minne nyuma. Waliopewa kazi ya kuchagua wakawapita wote 11 na kusema: yule Mkenya.

Sasa nitasema kitu ambacho najua kitaniletea matusi. Philip Waruinge ndiye bondia mkali zaidi Kenya imewahi kutoa. Mbele ya Robert Wangila. Mbele ya kila mtu. Na sisemi kwa sababu natoka huku Rift. Nasema kwa sababu nimeketi nikahesabu, na hesabu haina mtaa.

Kila huu mjadala ukianza, majibu ni yale yale. Wangila, kwa sababu ya dhahabu ya Seoul 1988. Conjestina Achieng, kwa sababu wengi wetu tulikua tukisikia jina lake kwenye redio. Fatuma Zarika, kwa sababu ya mkanda wa WBC. Waruinge akitajwa, anatajwa na guka wa mtu, na wasee wanacheka wanaendelea na story zao. Hata hapa Nakuru! Uliza vijana kumi kutoka Kaptembwo hadi Free Area huyu jamaa ni nani, uone utapata wangapi. Halafu waulize Roy Jones Junior ni nani.

Hapo kwa Roy Jones tutarudi. Kwanza namba.

Namba ya kwanza: 19.

Kuanzia Berlin 1936 hadi Rio 2016, tuzo ya Val Barker ya wanaume ilitolewa mara 19. Mara 16 ilienda kwa mtu aliyeshinda dhahabu, na hilo halishangazi. Ukiwa bora kuliko wote, si kawaida utakuwa pia umeshinda uzani wako? Mabondia watatu pekee katika miaka 80 waliipata bila dhahabu. Louis Laurie wa Marekani mwaka wa 1936, shaba. Waruinge 1968, shaba. Roy Jones Junior 1988, fedha.

Na Waafrika? Wawili. George Hunter, mzungu wa Afrika Kusini, mwaka wa 1948. Halafu Waruinge. Kwa hivyo Mwafrika mweusi kwenye hiyo orodha ni mmoja, na ni wetu. Nigeria haina. Ghana haina. Misri, Algeria, hawana. Ni hapa tu.

Sisemi kwamba Waruinge alikuwa bondia mkubwa kuliko Ali. Msiniwekee maneno mdomoni. Nasema kuna meza moja duniani ambayo Ali, Frazier na Foreman hawakuwahi kuketi, na Mkenya aliketi, na sisi hatujui hata hiyo meza iko.

Namba ya pili: 4 kwa 4.

Watu wanapenda kusema labda ilikuwa bahati ya wiki moja. Sawa, tuangalie miaka sita.

1966, Kingston, Jamaica, Michezo ya Jumuiya ya Madola: dhahabu.
1968, Mexico City, Olimpiki: shaba, pamoja na Val Barker.
1970, Edinburgh, Uskoti, Michezo ya Jumuiya ya Madola: dhahabu.
1972, Munich, Ujerumani, Olimpiki: fedha.

Mashindano makubwa manne, kila baada ya miaka miwili, uzani ule ule wa unyoya, medali nne. Hakuna hata mara moja alirudi mikono mitupu. Amepigana Karibiani, amepigana Ulaya mara mbili, amepigana Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari ambako wageni wengi walikuwa wanatafuta pumzi. Kijana wa Nakuru, mji ulio zaidi ya mita 1,800, pengine aliona ni kama ameenda kutembea Molo.

Na jiulize kukaa kwenye uzani mmoja miaka sita kunataka nini. Mwili unakua, chakula kinakuita, na kila mwaka kunakuja kijana mpya mwenye miaka 19 anayetaka nafasi yako kwenye timu. Mabondia wengi wa ridhaa hupata Olimpiki moja ya maana. Waruinge alienda tatu, ukianza na Tokyo 1964 ambako hakupata medali. Alirudi akapanda, na hakushuka kutoka jukwaa la medali hadi alipoacha ndondi za ridhaa.

Namba ya tatu: 3 kwa 2.

Hii ndiyo inaniuma.

Wakati huo pigano la Olimpiki likifika mwisho bila mtu kuangushwa, majaji watano walikuwa wanaamua, kila mmoja anachagua mshindi wake. Nusu fainali ya 1968, Waruinge alikutana na Antonio Roldán. Roldán alikuwa Mmexico, na pigano lilikuwa Mexico City. Matokeo: majaji watatu kwa Roldán, wawili kwa Waruinge. Roldán akaenda fainali na akapata dhahabu baada ya mpinzani wake Mmarekani kuondolewa kwa makosa.

Miaka minne baadaye, fainali ya Munich, Waruinge dhidi ya Boris Kuznetsov wa Umoja wa Kisovieti. Majaji watatu kwa Kuznetsov, wawili kwa Waruinge. Tena.

Mapigano mawili makubwa zaidi ya maisha yake, majaji kumi kwa jumla. Sita walisema hapana, wanne wakasema ndiyo. Jaji mmoja wa Munich angebadilisha kalamu yake, Kenya ingekuwa na dhahabu ya ndondi mwaka wa 1972, na Waruinge angekuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki kwenye ndondi. Tulingoja miaka 16 zaidi hadi Wangila. Kati ya "shujaa wa taifa" na "huyo ni nani?" palikuwa na mtu mmoja aliyeketi kando ya ulingo na kalamu.

Sisemi majaji walikula kitu, sina ushahidi huo. Nasema ukubwa wa mtu haufai kupimwa kwa kalamu moja kati ya tano, hasa kama una vipimo vingine vinavyosema kinyume.

Na sasa Roy Jones. Seoul 1988, fainali, Jones dhidi ya Park Si-hun. Park alikuwa Mkorea, na pigano lilikuwa Korea. Majaji watatu kwa Park, wawili kwa Jones. Jones akapewa fedha na tuzo ya Val Barker. Dunia nzima inajua story hiyo. Kuna video, kuna makala, na kila kijana anayependa ndondi atakuambia Jones aliibiwa.

Weka hizo story mbili kando kwa kando. Bondia anakutana na mwenyeji. Majaji watatu kwa wawili. Mwenyeji anapita. Aliyeshindwa anapewa tuzo ya bondia bora wa mashindano yote. Moja tunaijua kama wimbo wa taifa. Nyingine ni ya mtu wetu, ilitokea miaka 20 kabla, na hatuijui kabisa. Kwani Jones alilia kwa sauti gani ambayo Waruinge hakuwa nayo? Jones alikuwa na kamera za Marekani nyuma yake, basi. Sisi tulikuwa na redio na wazee, na hatukuwauliza wazee.

Namba ya nne: 7.

Kenya ina medali saba za Olimpiki kwenye ndondi, tangu tuanze kushiriki. Dhahabu moja, fedha moja, shaba tano. Nitazitaja zote, hazichukui muda. Waruinge shaba 1968. Waruinge fedha 1972. Samuel Mbugua shaba 1972. Dick Murunga shaba 1972. Ibrahim Bilali shaba 1984. Wangila dhahabu 1988. Chris Sande shaba 1988.

Watu sita, medali saba. Mmoja tu ana mbili.

Endelea kidogo. Kenya haijawahi kupata medali ya Olimpiki nje ya riadha na ndondi. Kwa hivyo toa wanariadha, uulize ni Mkenya gani mwingine amewahi kupanda jukwaa la Olimpiki mara mbili. Jibu ni jina moja. Mexico 1968 Kenya ilirudi na medali tisa, nane za riadha, akina Kipchoge Keino, Naftali Temu na Amos Biwott. Ya tisa ilikuwa ya ngumi, na ilikuwa ya Waruinge peke yake.

Nitakuwa mkweli pia hapa, kabla jirani hajanikumbusha. Uganda walikuwa na Leo Rwabwogo, uzani wa inzi, naye alipata shaba 1968 na fedha 1972, Olimpiki zile zile mbili. Kwa hivyo usiseme Waruinge yuko peke yake Afrika Mashariki kwa medali, hayuko. Lakini Val Barker Rwabwogo hana.

Sasa hoja za upande ule mwingine, maana nazijua zote.

"Dhahabu ni dhahabu." Hii ni hoja nzuri na naiheshimu. Wangila hakungojea majaji. Alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili kwenye fainali, na hakuna kalamu ingeweza kumnyang'anya. Kama swali ni "usiku mkubwa zaidi wa bondia Mkenya", jibu ni Wangila, funga mjadala. Lakini swali letu ni bondia mkubwa zaidi, na bondia si usiku mmoja. Wangila aliingia ndondi za kulipwa na akafariki 1994 baada ya pigano Las Vegas, akiwa bado kijana. Tulinyimwa nafasi ya kujua angefika wapi, na hilo linauma. Waruinge tunajua alifika wapi. Alifika kila mahali alipotumwa, miaka sita mfululizo.

"Zamani ushindani ulikuwa mdogo." Mwambie Foreman. Olimpiki hiyo hiyo, ukumbi huo huo, wiki hizo hizo.

"Ndondi za kulipwa zilimshinda." Hii ndiyo wanaona ni ngumi ya mwisho. Ni kweli, baada ya Munich alienda Japani akapigana kwa malipo akiitwa Waruinge Nakayama. Ni kweli Aprili 1976, Panama City, alipigania mkanda wa WBC wa uzani wa bantam ya juu dhidi ya Rigoberto Riasco wa Panama na akashindwa kabla raundi hazijaisha. Lakini tuhesabu tena. Alianza kulipwa akiwa na miaka 28. Wengi huanza wakiwa na 20 au 21, miguu ikiwa mipya. Alipofika kwenye huo mkanda alikuwa na 31, ameshapigana ndondi za ridhaa zaidi ya miaka kumi, na kwa mara nyingine yuko nyumbani kwa mpinzani. Na bado alifika. Mkanda wa WBC wa uzani huo ulikuja kuletwa Kenya mwaka wa 2016 na Fatuma Zarika, upande wa wanawake. Zarika apewe maua yake yote. Mimi nasema tu kwamba mlango huo, Mkenya wa kwanza kuugonga aliugonga miaka 40 kabla.

Utauliza, hii yote ni ya nini? Mzee alifariki mapema 2022, muda mfupi baada ya Nakuru kupewa hadhi ya jiji Desemba 2021. Hesabu haitamrudisha.

Ni ya huyu kijana wa sasa. Huku Rift ukiwa na miguu, kila mtu anajua la kukufanyia. Kuna kambi, kuna makocha, kuna majina ya kufuata. Ukiwa na mikono, unaambiwa ndondi ni ya wahuni, tafuta kazi. Mama anakuficha glavu. Na huwezi kumjibu mama, kwa sababu huna jina la kumtajia. Mwenye riadha anasema "Kipchoge" na mjadala unaisha. Mwenye ndondi kutoka Langa Langa anapaswa kusema "Waruinge" na mjadala uishe vivyo hivyo. Mtoto anayejua kwamba bondia bora wa Olimpiki nzima alitoka mji wake hafanyi mazoezi kama mtoto aliyeambiwa ameingia mchezo wa waliokosa shule.

Na kuna kitu kimoja kinachoweza kufanyika bila mamilioni. Nakuru ina ukumbi wa ndondi wenye historia kuliko kumbi nyingi nchini. Unaitwaje? Madison Square Garden. Tuliazima jina la ukumbi wa New York! Sawa, wazee walikuwa na ndoto, na jina lilikuwa la heshima wakati huo. Lakini New York ina Madison yake, haihitaji ya pili huku karibu na Menengai. Tuna mtu ambaye aliwahi kuchaguliwa bora mbele ya Foreman. Andika jina lake mlangoni. Ukumbi wa Philip Waruinge. Rangi na brashi, mchana mmoja. Ndani, ukutani, andika zile nne: Kingston, Mexico, Edinburgh, Munich. Mtoto akiuliza ni nini, kocha amwambie.

Serikali ya kaunti ikitaka kusikia, isikie. Lakini sisi pia hatuhitaji kungojea gavana ndio tujue kuhesabu. Mwalimu wa michezo pale Njoro au Gilgil anaweza kuanza kesho asubuhi kwenye gwaride.

Mnaobaki na Wangila, sina shida na nyinyi, ni mtu mkubwa na hakuna aibu kumchagua. Lakini msinijie na "dhahabu ni dhahabu" halafu mkanyamaza. Nileteeni Mkenya mwingine mwenye medali mbili za Olimpiki za ndondi. Nileteeni mwingine aliyepanda jukwaa mara nne kwenye mashindano manne. Nileteeni mwingine yeyote wa Afrika nyeusi mwenye Val Barker. Nipo, na kalamu ninayo.